Sukari Kampala: Pima Kiuno, Usipime Mfuko

Kampala mtu akinenepa hupongezwa. Jamaa wakikutana naye harusini humwambia amependeza, mambo yamemnyookea. Akikonda, watu hunong'ona. Minong'ono hiyo ina chanzo chake: miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea Rakai na Masaka, watu waliupa jina la "Slim", yaani wembamba, kwa jinsi ulivyowamaliza wagonjwa. Tangu hapo mwili mnene umebaki kuwa ushahidi wa afya na wa pesa kwa pamoja. Imani hiyo inatuponza wote, wenye nacho na wasio nacho.

Zamani sukari, yaani kisukari, haikuwa ugonjwa wa hapa. Daktari Hugh Trowell, aliyetibu watu hospitali ya Mulago tangu miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kisukari na unene vikiwa adimu kwa Waafrika, kisha akaona vikianza kujitokeza. Yeye na mwenzake wa hospitali hiyo hiyo, mpasuaji Denis Burkitt, baadaye walitetea wazo kwamba nafaka zilizokobolewa hadi kupoteza makapi zina mchango mkubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014, uliopima watu wazima wa miaka 18 hadi 69, ulikuta kisukari kwa asilimia 1.4 yao: vijijini asilimia 1.0, mjini 2.7. Kinachonitisha zaidi ni kwamba karibu nusu ya waliokutwa na sukari ya juu hawakuwa na habari.

Je, ni ugonjwa wa matajiri? Kwa unene, Uganda bado iko hivyo. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa karibu robo ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na idadi ilipanda kadiri kaya ilivyokuwa na uwezo. Uingereza na Marekani mambo yamegeuka: huko unene umelalia zaidi upande wa maskini, kwa sababu chakula cha bei nafuu ndicho chenye sukari na mafuta mengi. Kampala naiona ikielekea huko. Mwendesha boda wa Bwaise hana gari wala nyumba Kololo, lakini anakaa juu ya kiti kutwa nzima, mchana anakula kikomando, yaani chapati na maharage, na kushushia soda. Soda ya nusu lita hubeba takriban gramu 50 za sukari, kama vijiko 12 vya chai.

Mafuta yanayojazana tumboni, kuzunguka ini na utumbo, huufanya mwili usiitikie insulini vizuri. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi na zaidi mpaka linashindwa. Lakini wembamba si kinga. Mtu aliyekosa lishe tangu tumboni mwa mama anaweza kukua na uwezo mdogo wa kutengeneza insulini, na kliniki za Uganda zina wagonjwa wengi wasio wanene. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kisukari kinachotokana na utapiamlo kuwa aina ya tano. Tena sukari ikipanda sana humkondesha mtu, naye kwa kuogopa lile jina la zamani la "Slim" hujificha badala ya kwenda kupima. Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara usiku, macho kuingia ukungu, kidonda kisichopona: ukiona hayo, nenda kituoni leo.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua kamba yenye urefu sawa na wako, ikunje katikati, uizungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, uko kwenye hatari, hata kama suruali bado inafunga.

Kuhusu chakula, sitakuambia uache matooke. Tatizo ni sahani yetu: matooke, posho, wali, kiazi kitamu na malenge kwa pamoja, halafu mchuzi kijiko kimoja. Chagua kimoja au viwili kati ya hivyo, na nusu ya sahani ijae dodo, nakati au sukuma wiki. Nakati ya sokoni haihitaji mshahara wa Nakasero. Kwenye kikomando omba maharage mengi na chapati moja. Chai inywe bila sukari; ulimi huzoea. Kwa miguu, mji huu una vilima vya kutosha: shuka kwenye teksi mapema, utembee kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu waliokuwa karibu kupata kisukari, wakipunguza takriban asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kiasi hicho, walipunguza hatari kwa asilimia 58.

Kama kamba haikutosha, kama mzazi au ndugu yako ana sukari, au ulijifungua mtoto mkubwa kupita kawaida, kapime damu. Anzia kituo cha serikali kilicho karibu nawe, kama Kisenyi au Kawaala, na uulize kwanza kama vifaa vipo siku hiyo, maana huisha. Nenda asubuhi bila kula tangu usiku, maji yanaruhusiwa. Namba ikifika 7.0 (mmol/L) au zaidi, kipimo hurudiwa siku nyingine kabla ya kuthibitisha ugonjwa. Kati ya 6.1 na 6.9 bado una nafasi ya kurudi nyuma. Beba lile daftari dogo tunalonunua kwa ajili ya hospitali, na usiondoke dirishani kabla namba yako na tarehe havijaandikwa humo.