Kutoka Zizi la Ahero Hadi Mbugani: Njia ya Kuwa Daktari wa Wanyamapori

Mvua kubwa inaponyesha, Mto Nyando ukavunja kingo zake na maji yakasambaa katika Uwanda wa Kano, vijiji vilivyo karibu na ziwa hupata mgeni wa usiku. Kiboko, au rao kama wenyeji wamwitavyo, hutoka majini jua likishazama na kutafuta malisho. Asubuhi mwenye shamba hukuta nyayo katikati ya mpunga na mazao yamelazwa chini. Wakati mwingine mnyama mwenyewe huonekana akichechemea, ana jeraha la mkuki au waya wa mtego umemkaza mguuni.

Wengi katika hali hiyo humpigia simu daktari wa mifugo wa wadi. Ni jambo la kueleweka, kwa kuwa ndiye daktari wa wanyama wanayemjua. Lakini kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, ilhali ulinzi wa wanyamapori umebaki kwa Serikali ya Kitaifa kupitia Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS. Daktari wa ng'ombe hana ruhusa ya kumtibu kiboko wa porini, na hata angekuwa nayo, hana dawa wala vifaa. Anayehitajika ni daktari wa wanyamapori, na madaktari hao si wengi nchini. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ni ipi, inasomewa wapi, na kijana wa Ahero anaweza kuianzaje akiwa bado nyumbani.

Kazi yenyewe

Watu wa umri fulani wataukumbuka mchezo wa televisheni wa Kimarekani ulioitwa Daktari, uliotokea mwaka 1966. Ulitungwa kwa kuigiza kazi ya Dkt. Toni Harthoorn, daktari wa wanyama aliyefanya kazi Afrika Mashariki na kuwa miongoni mwa waliobuni njia ya kumlaza mnyama mkubwa kwa kumfyatulia sindano ya dawa akiwa mbali. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Jambo ambalo televisheni haikulionyesha vizuri ni jinsi kazi inavyozidi kuwa ngumu baada ya mnyama kuanguka.

Chukua mfano wa ndovu aliyechomwa mshale. Dawa inayotumika, etofini, ina nguvu maelfu ya mara kuliko mofini ya hospitalini. Tone dogo likimwingia daktari mwenyewe linaweza kumuua, ndiyo maana hafanyi kazi peke yake na dawa ya kumzindua binadamu huwa karibu. Ndovu akilala kifudifudi, uzito wake hukandamiza kifua na hawezi kupumua. Timu ina dakika chache tu za kumgeuza alale ubavu, mara nyingi kwa kamba na gari. Mtu mmoja humwagia maji masikio ili apoe, mwingine huweka kijiti kwenye ncha ya mkonga ili usizibe. Hapo ndipo daktari husafisha usaha, hukata nyama iliyooza, humchoma dawa za kuua viini na hupaka udongo maalumu wa kijani juu ya kidonda kuzuia nzi na uchafu. Kisha humpa dawa ya kumzindua, na wote hukimbilia magari.

Twiga ana shida nyingine. Kwa shingo na shinikizo la damu alilo nalo, hawezi kuachwa amelala kwa dawa. Anapoanguka tu, hupewa dawa ya kumzindua na watu humshikilia chini kwa nguvu za mikono huku akitibiwa akiwa macho. Na kiboko wetu wa Nyando? Huyo huenda ndiye mgumu kuliko wote. Akipigwa sindano, hukimbilia majini, na dawa ikimlewesha humo atazama. Daktari mwenye busara wakati mwingine huamua kutomgusa kabisa, na wanakijiji hushindwa kuelewa kwa nini amekuja na kuondoka.

Makosa katika kazi hii hugharimu sana. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Nakuru kwenda Tsavo Mashariki. Maji ya visima vya makao yao mapya yalikuwa na chumvi nyingi kuliko waliyozoea. Kadiri walivyokunywa ndivyo walivyozidi kuona kiu, na wakazidi kunywa. Kumi walikufa, na wa kumi na moja, ambaye tayari alikuwa dhaifu, alishambuliwa na simba akafa pia. Kuwalaza na kuwasafirisha vifaru hao ni ufundi unaohitaji miaka ya mafunzo, lakini kilichowaua ni maji ya kunywa. Mwanafunzi anayedhani somo la Kemia halina uhusiano na wanyama afikirie kisa hicho.

Ugonjwa haujui mpaka wa mbuga

Picha ya daktari mwenye bunduki ya sindano ndiyo inayopendwa, lakini sehemu kubwa ya kazi ni kufuatilia magonjwa: kuchukua damu, kupasua mizoga, kupeleka sampuli maabara, na kuzungumza na wafugaji. Kenya ina historia ya kujivunia hapa. Sotoka, ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuacha jamii nyingi katika njaa, uliwaua pia nyati na wanyama wengine wa porini. Chanjo iliyoumaliza ilitengenezwa na Dkt. Walter Plowright na wenzake katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi. Kisa cha mwisho kuthibitishwa duniani kilipatikana kwa nyati katika Mbuga ya Meru mwaka 2001. Ili dunia iamini kwamba ugonjwa umekwisha, ng'ombe kupimwa hakukutosha. Nyati nao walipaswa kulazwa na kutolewa damu, tena na tena. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa, na hadi leo huo ndio ugonjwa pekee wa wanyama uliofikia hatua hiyo duniani.

Ugonjwa pia husafiri kutoka boma kwenda porini. Mwaka 1994, virusi vya distempa ya mbwa viliua takriban thuluthi moja ya simba wa Serengeti, na vikafika hadi Maasai Mara. Mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi walihusishwa na mlipuko huo, na kuwachanja mbwa hao kukawa sehemu ya kazi ya kuwalinda simba.

Kisa kinachofaa kusimuliwa kwa kirefu kinatoka kwa jirani zetu. Gladys Kalema-Zikusoka alizaliwa Uganda mwaka 1970. Baba yake, William Kalema, aliyekuwa waziri, alitekwa mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin na hakuonekana tena. Mama yake, Rhoda Kalema, aliwalea watoto na baadaye akawa mwanasiasa mashuhuri. Gladys alipenda wanyama tangu utotoni, na alipokuwa Shule ya Upili ya Kibuli alisaidia kufufua chama cha wanyamapori cha shule. Alisomea udaktari wa wanyama katika Chuo cha Royal Veterinary, London, na mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka ishirini na ushei, akaajiriwa kuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori wa Uganda.

Mwaka huohuo aliitwa Bwindi. Sokwe wakubwa wa milimani walikuwa wakinyonyoka manyoya na kujikuna. Ilikuwa upele, ugonjwa wa kawaida wa ngozi kwa binadamu. Mtoto mmoja wa sokwe alikufa, wengine wakatibiwa wakapona. Upele ulitoka wapi? Uchunguzi ulielekea vijijini. Sokwe hao walikuwa wakitoka msituni kula migomba, na mashambani walikutana na sanamu za kutishia wanyama, zilizovalishwa nguo chakavu za watu waliokuwa na upele na hawakuwa na zahanati karibu. Mkulima yeyote wa mpunga wa Ahero anazijua sanamu hizo. Zipo mashambani mwetu kuwafukuza ndege.

Daktari yule alifikia uamuzi ambao wengi hawakuutarajia kutoka kwa mtu wa fani yake: huwezi kumtibu sokwe ukamwacha jirani yake mgonjwa. Mwaka 2003 alianzisha, pamoja na mumewe na mwenzao, shirika la Conservation Through Public Health, linalowafundisha wahudumu wa kujitolea vijijini kuhusu usafi, kifua kikuu, uzazi wa mpango na namna ya kuwafukuza sokwe shambani bila kuwagusa. Baadaye wakaanza kununua kahawa ya wakulima wanaopakana na msitu kwa bei nzuri zaidi. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa ulimtunukia tuzo ya Bingwa wa Dunia kwa mazingira.

Shuleni na chuoni

Hakuna shahada ya kwanza ya "udaktari wa simba". Kila daktari wa wanyamapori alianza kwa kusomea wanyama wote, ng'ombe, kuku na mbwa wakiwemo. Shahada ya Tiba ya Wanyama huchukua miaka mitano. Vyuo vinavyojulikana zaidi kwa shahada hiyo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Upper Kabete, na Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Kwa mtahiniwa wa KCSE, masomo ya kutilia mkazo ni Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia. Alama ya C+ hufungua mlango wa chuo kikuu, lakini nafasi za tiba ya wanyama hushindaniwa, na mwanafunzi alenge juu zaidi. Wazazi wenye watoto katika shule ya upili ya juu chini ya mtaala mpya watazame njia ya STEM.

Asiyepata alama hizo hajafungiwa njia. Vyuo vya AHITI vya Kabete, Nyahururu na Ndomba hufundisha afya ya wanyama katika viwango vya chini ya shahada. Chuo cha Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori, Naivasha, kilichoanzishwa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, hufundisha wanaotaka kazi za uhifadhi. Ikumbukwe kwamba sheria ya 2011 inamtaka daktari wa wanyama, na pia msaidizi wake, asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya kabla ya kutibu. Mwenye cheti bila usajili haruhusiwi kufanya kazi hiyo.

Sasa kuhusu ajira, ukweli usemwe. Nafasi ni chache. KWS ndiyo mwajiri mkuu, na baadhi ya madaktari wake huendesha vitengo vya tiba vinavyofadhiliwa na Shirika la Sheldrick, mpango ulioanzia Tsavo mwaka 2003. Kuna hifadhi za binafsi kama Ol Pejeta, kuna watafiti, na kuna vyuo. Wengi wanaohitimu hufanya kazi ya mifugo kwa miaka kadhaa kabla ya mlango kufunguka, na wengine hubaki huko kwa hiari. Mzazi anayeuza gunia la mpunga ili kulipa karo anastahili kulijua hilo mapema. La kutia moyo ni kwamba shahada ni ileile: asiyepata kazi mbugani anaweza kutibu ng'ombe wa maziwa, kukagua nyama au kufungua duka la dawa za mifugo hapa Ahero.

Kuanzia hapa nyumbani

Hifadhi ya Impala iko ufukweni mjini Kisumu, safari fupi ya matatu. Kisiwa cha Ndere, mbuga ya kitaifa tangu 1986, kiko ng'ambo ya maji. Ruma, katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, ndiko nyumbani kwa korongo, swara mkubwa aliye adimu sana nchini, na vifaru walirudishwa huko mwaka 2012. Chama cha wanyamapori cha shule kinaweza kuandika barua ya kuomba ziara. Mwanafunzi akifika, asiulize tu simba anakula kilo ngapi. Aulize nani humtibu, na ugonjwa gani humsumbua.

Mafunzo mengine yako zizini. Anayemshika ndama anapochomwa sindano, anayeandika tarehe ng'ombe alipopanda joto, anayetambua kuku aliyeanza kuzubaa, anajifunza kumtazama mnyama asiyeweza kusema anaumwa wapi. Mbwa nao wasisahaulike. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030, na lengo hilo linahitaji angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Kampeni za chanjo huhitaji vijana wa kujaza fomu na kupitisha habari mtaani. Anayetaka kujitolea afike ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo ya Nyando aandikishe jina. Kazi ya kuwashika mbwa awaachie waliochanjwa dhidi ya kichaa, na akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote aoshe kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.