Saa ya Michezo Ziwani: Namna ya Kusoma Mgandamizo wa Hewa na Mwinuko



Siku hizi katika gati la Port Bell twawaona manahodha na wavuvi wengi wakivaa saa za michezo zenye vihisi vya mwinuko na hali ya hewa. Ni chombo kizuri. Lakini saa hizi hutengenezwa hasa kwa ajili ya wapanda milima wa nchi za baridi, nasi twazitumia katika ziwa lililo jirani na ikweta. Asiyeijua tofauti hiyo aweza kung'oa nanga usiku kwa sababu tu kioo kimemwonyesha picha ya jua.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba kihisi ni kimoja. Hupima mgandamizo wa hewa, kisha saa hukisia kutokana na kipimo hicho ama mwinuko ama hali ya hewa. Ukipanda kilima, mgandamizo hushuka. Hali ya hewa ikibadilika, huweza kushuka vilevile. Saa peke yake haiwezi kutambua sababu ni ipi.

Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mgandamizo halisi hapa Port Bell huwa kati ya hektopaskali 885 na 890, wala si 1,013 inayotajwa katika vijitabu vya maelekezo, ambayo ni ya pwani ya bahari. Ukiona 887 usidhani tufani imefika.

Sasa tutazame kosa linaloweza kuleta maafa. Mtu ameshinda Kololo, penye mwinuko wa karibu mita 1,300, kisha akapanda bodaboda hadi Port Bell. Ameteremka mita 160 na zaidi, na kwa kila mita 10 hivi mgandamizo huongezeka hektopaskali 1. Saa iliyowekwa katika hali ya kupima hewa huona ongezeko la 16 au 17 kwa muda mfupi, ikahitimisha kwamba kunatakata. Mbingu haijabadilika, ni mvaaji aliyeteremka. Twashauri saa ikae ufukweni saa tatu au nne kabla ya kuusadiki mshale wake.

Ukiwa majini, ziwa lenyewe hukusaidia, maana halina mlima. Weka mwinuko kuwa mita 1,135 kabla ya kuondoka. Saa ikisema baadaye kwamba umepanda mita 30, mtumbwi haukupanda popote. Mgandamizo umeshuka kama hektopaskali 3. Hata hivyo, usishtuke upesi. Katika nchi za ikweta mgandamizo hupanda na kushuka kila siku kama maji ya pwani: huwa juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, ukawa chini karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Mteremko wa hektopaskali 3 au 4 kutoka asubuhi hadi jioni ni desturi ya siku. Kengele ya tufani ikilia alasiri, huenda imelilia desturi hiyo.

Lililo zito zaidi ni kinyume chake: kengele kunyamaza. Dhoruba nyingi za ziwa letu huzaliwa usiku, pepo za nchi kavu zitokazo pande zote zinapokutana katikati ya maji na kuiinua hewa yenye unyevu. Wingu la radi hukua kwa muda mfupi, na mgandamizo huenda usishuke kwa kiasi cha kuiamsha saa. Upepo baridi unapovuma kutoka chini ya wingu, mgandamizo aghalabu huruka juu, na mshale ukaonyesha nafuu wakati mawimbi yameshaanza. Kwa hiyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda na macho yako yaelekezwayo kwenye umeme wa mbali vitangulie saa. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe kabla ya kutia chombo majini, si wingu linapofika.

Joto linaloonyeshwa ni la mkono wako kwa kiasi kikubwa. Vua saa kwa nusu saa hivi ndipo usome. Mkono ukizama sentimita 10 wakati wa kuvuta nyavu, saa huhesabu kwamba umeteremka karibu mita 100. Tundu la kihisi lioshwe kwa maji safi, lisichokolewe kwa sindano.

Wale wenye saa zinazopokea ishara za setilaiti wajue pia kwamba mpaka wa Uganda na Tanzania ziwani hufuata digrii 1 kusini mwa ikweta. Na mkipatwa na shida, pigeni 999 au 112, mkitusomea latitudo na longitudo kama zilivyo kiooni, idadi ya watu chomboni, na upande upepo unakotoka.