Maneno Mawili ya Daktari: "Acute" na "Chronic"



Mama mmoja wa kanisa letu, ambaye ameturuhusu tusimulie bila kumtaja jina, aliamka na maumivu ya tumbo chini upande wa kulia. Kufikia mchana hakuweza kusimama wima. Akapiga simu kliniki. Aliyepokea akamwuliza kama maumivu ni "acute" au "chronic". Mama akajibu "chronic", tena kwa mkazo, maana alitaka aeleweke kwamba hali ni mbaya sana. Akapangiwa miadi ya wiki iliyofuata. Usiku ule ule akapelekwa chumba cha dharura, na kidole tumbo kikaondolewa kabla hakijapasuka.

Sisi wauguzi wa kanisa hatukushangaa. Tunaliona kosa hili mara nyingi, na kwa Kiingereza tulichofundishwa nyumbani linaeleweka, kwa sababu mtaani "chronic" ni kitu kibaya kupita kiasi.

Maneno haya mawili hayana undugu. "Acute" asili yake ni Kilatini, nalo ni neno la kitu chenye ncha. Ndiyo maana watoto wetu shuleni huitumia kwa pembe kali. "Chronic" ni la Kiyunani, kutoka neno la wakati. Lakini hospitalini yote mawili yanaeleza muda, hayapimi ubaya. "Acute" ni ugonjwa ulioanza karibuni na unaokwenda mbio: mafua, malaria, mshtuko wa moyo. Mafua yataisha yenyewe na mshtuko wa moyo unaweza kuua kabla ambulensi haijafika, ila vyote ni "acute". "Chronic" ni ugonjwa unaokaa: presha, sukari, pumu. Na mtu anaweza kuwa na vyote viwili, kama mwenye pumu ya miaka mingi inapombana ghafla usiku.

Homa ya ini aina ya B, ambayo baadhi yetu tulipimwa tulipofika Marekani, huitwa "acute" katika miezi 6 ya kwanza. Virusi vikibaki mwilini kupita hapo huitwa "chronic", hata kama mgonjwa hasikii chochote.

Shida kubwa huja tunapotafsiri. "Acute" tunaiita ugonjwa mkali, na "chronic" tunaiita sugu. Sugu ni neno la kutisha! Tunasema mhalifu sugu, tunasema vijidudu sugu visivyosikia dawa. Baba mmoja aliambiwa ana ugonjwa wa figo wa "chronic", na aliyemtafsiria ni kijana wake wa miaka 13: "Ni sugu, baba." Baba akaacha dawa za presha, akisema za nini tena. Kumbe ugonjwa wa figo huitwa hivyo ukishadumu zaidi ya miezi 3, na wapo wengi wanaoishi nao miaka na miaka bila kuhitaji mashine, mradi presha na sukari zidhibitiwe. Dawa alizoziacha ndizo zilizokuwa zikimlinda. Sisi tunapendelea kusema ugonjwa wa muda mrefu, basi.

Ukisahau, kumbuka Injili ya Marko. Mama mkwe wa Simoni alilala ana homa: hiyo ni "acute". Mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 na kumaliza mali yake kwa matabibu: hiyo ni "chronic".

Ukiulizwa swali hilo kwenye simu, si lazima uchague neno. Sema muda: "Yameanza leo saa kumi na moja alfajiri," au "Ninayo tangu mwaka jana, ila jana yamezidi." Na omba mkalimani wa Kiswahili. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo. Usimtwike mtoto kazi hiyo. (Mjukuu mmoja hapa hapa alisikia "acute" akamwambia bibi yake kwamba daktari amemwita mrembo. Bibi alifurahi kweli.)

Jumapili hii baada ya ibada tutakuwa meza ya nyuma, karibu na chai. Leteni karatasi mlizopewa hospitalini pamoja na chupa zenu za dawa, tusome pamoja.