Kuandaa Mchoro wa Modeli ya Karatasi kwa Mashine ya Leza

Mashine ya leza haijui kama unajenga nyumba au kanisa. Inafuata mistari iliyomo kwenye faili, mizuri na mibovu, kwa hiyo modeli ya karatasi hufaulu au huharibika ikiwa bado kwenye kompyuta.

Chora kwa programu ya vekta. Inkscape ni ya bure na inatosha kabisa. Weka vipimo kwa milimita na uchore kwa ukubwa halisi. Kuwa mwangalifu faili ya SVG inapohama programu: Adobe Illustrator huhesabu pikseli 72 kwa inchi, Inkscape ya sasa 96, na matoleo yaliyotangulia 0.92 yalihesabu 90. Ukuta wa milimita 100 unaweza kutokea upande wa pili ukiwa na 75. Chora pembeni mraba wa milimita 50, kisha uupime tena kwenye programu ya mashine. Ukiwa sawa, ufute.

Tenganisha kazi kwa rangi: moja ya kukata, nyingine ya kukunja. Rangi zenyewe muulize mwenye mashine, maana kila karakana ina utaratibu wake. Mstari wa kukunja ufanye wa vipande: milimita 2 zikatwe, 1 iachwe.

Linaloharibu kazi nyingi kuliko yote ni mistari iliyolaliana. Umechora kuta mbili zinazopakana, kila moja na ukingo wake. Leza itapita pale pale mara mbili na karatasi itaungua. Kwenye skrini utaona mstari mmoja tu. Uvute kando: ukikuta mwingine chini yake, futa mmoja. Fanya hivyo kwa kila mpaka, hata kama inachosha.

Madirisha nayo yanataka subira. Kila kioo kiwe umbo lililofungwa, na fito za katikati zishikane na ukuta. Fito za chini ya milimita 1.5 mimi sizichori, kwani huungua au hukatika unapozigusa. Maandishi yageuze yawe mistari, fonti isije ikabadilika kwenye kompyuta nyingine, na herufi O iachie kishikizo, la sivyo tumbo lake litadondoka.

Leza yenyewe hula karatasi kidogo, mara nyingi kati ya milimita 0.1 na 0.2. Kwa hiyo mpenyo wa kuchomeka chora mwembamba kidogo kuliko unene wa karatasi, ujaribu kwanza kwenye kipande cha ziada. Panga matundu ya ndani yakatwe kwanza, ukingo wa nje mwisho, kwa sababu kipande kikishaachia husogea.

Karatasi iliyopakwa plastiki ya PVC usiiweke kabisa: moshi wake una gesi inayodhuru mapafu na kutia mashine kutu. Na leza ikiwa inakata, usiondoke. Karatasi hushika moto upesi.