Injini ya Boti Ikikataa Kuwaka: Tuanzie Wapi?

Vikundi vingi vya kando ya ziwa vina injini moja tu, nayo ndiyo mali kubwa kuliko zote za kikundi. Imenunuliwa kwa michango ya miaka, au kwa mkopo ambao bado unalipwa. Ikikataa kuwaka asubuhi moja, abiria wanachukuliwa na boti nyingine, na jioni mweka hazina hana la kuandika kitabuni. Ndiyo maana watu hushikwa na haraka. Huyu anavuta kamba mpaka bega linauma, yule anafungua kabureta kwa bisibisi ya kuazima, na mwingine ameshatumwa kumwita fundi.

Sisi wenyewe tumewahi kufanya hivyo. Tulikuwa tukitoka Mbita kwenda Mfangano alfajiri, watu tisa na mizigo. Injini ikazimika katikati ya maji. Tukavuta kamba, tukavuta, wapi! Saa hizo upepo ulikuwa bado unatoka nchi kavu kuelekea ziwani, kama ufanyavyo usiku mpaka asubuhi, na ulizidi kutusukuma mbali. Kasia lilikuwa moja. Nanga tuliiacha nyumbani kwa sababu ni nzito. Wavuvi waliokuwa wakirudi ndio waliotukokota.

Siku ile ile tulimlipa fundi asafishe kabureta, na kweli injini ikawaka. Safari iliyofuata ikazimika tena. Mzee mmoja aliyekuwa abiria akainama, akalegeza skrubu ndogo iliyo juu ya kifuniko cha tangi. Hewa ikaingia ikilia "fyuu". Kamba ikavutwa mara mbili, injini ikanguruma. Kumbe fundi alipofungua tangi kuangalia mafuta hewa iliingia, nasi tukadhani ni kazi ya kabureta. Pesa zilikwenda kwa sababu ya skrubu tuliyoikaza wenyewe wakati wa kubeba tangi.

Basi somo letu ni juu ya mpangilio: anza na vitu visivyohitaji spana. Tunazungumzia injini za kufunga nyuma ya boti, hasa zile za kuchanganya petroli na oili, maana ndizo nyingi huku kwetu.

Kabla ya kushika spana

Hiyo skrubu ya hewa iwe ya kwanza. Petroli haiwezi kutoka kwenye tangi kama hewa haiingii mahali pake. Ukitaka kuwaonyesha wanachama, fyonza chupa ya plastiki kwa mdomo: inabonyea, halafu haitoi kitu tena.

Pili, angalia kamba ya usalama, ile yenye klipu ambayo mwendeshaji huifunga mkononi. Klipu ikitoka kwenye swichi yake, injini haitawaka hata ukiivuta hadi jioni. Watoto wanaocheza kwenye boti huiondoa, na sisi watu wazima tunaisahau. Gia nayo iwe frii.

Kisha shika ile pampu ya mpira iliyo katikati ya bomba la mafuta. Mshale wake uelekee upande wa injini. Ifinye mpaka iwe ngumu. Ikikataa kuwa ngumu, ama mafuta yamekwisha, ama bomba linavuta hewa: kiungio hakijakaa sawasawa au mpira umepasuka. Ikibaki imebonyea bila kurudi, kizuizi kiko upande wa tangi.

Kuhusu choki, injini baridi inaihitaji, injini ya moto haiihitaji. Ikishashika, rudisha choki. Wengi huivuta na kuiacha hapo huku wakiendelea na kamba, mpaka injini imekunywa petroli kupita kiasi na harufu imejaa boti nzima.

Plagi itakuambia

Kama bado imegoma, toa plagi uitazame. Hapa ndipo penye siri kubwa ya kazi hii, na haihitaji elimu ya chuo.

Plagi ikitoka kavu kabisa baada ya kuvuta kamba mara nyingi, petroli haifiki. Rudi kwenye tangi, bomba na kichujio, usihangaike na umeme. Ikitoka imelowa, petroli inafika. Shida ni cheche, au petroli imezidi. Ikiwa nyeusi na yenye utelezi, mara nyingi oili ni nyingi mno, yaani mtu alikadiria kwa macho. Injini nyingi za aina hii hutaka 50 kwa 1, ambayo ni nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli. Lakini kitabu cha injini yenu ndicho kiamuzi, na injini mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za kwanza. Nunueni kipimo. Oili ikipungua ni hatari kuliko ikizidi, kwa sababu injini itakwama kabisa.

Kama petroli imezidi, rudisha choki, toa klipu ya usalama ili cheche isiwepo, kisha vuta kamba mara kadhaa bila plagi ili petroli itoke. Kausha plagi, ngoja kama dakika kumi, rudisha kila kitu, ujaribu bila choki.

Kujaribu cheche kunataka uangalifu, na tafadhali msikufanye ndani ya boti iliyojaa abiria. Futa petroli iliyomwagika, funga tangi na ulipeleke mbali. Sigara zizimwe. Chomeka plagi kwenye kofia ya waya wake, uilaze chuma chake kiguse chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ilikotoka. Kama plagi ni mbili, zote ziguse chuma. Rudisha klipu, mwenzako avute kamba. Usiishike kwa vidole, itakupiga! Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio. Isipoonekana, jaribu plagi mpya ya namba ile ile. Ikikosekana hata hapo, na klipu iko mahali pake, mwiteni fundi, kwa maana shida iko kwenye umeme wa ndani.

Petroli yenyewe

Kuna wakati kila kitu ni kizima ila mafuta. Mimina kidogo kutoka chini ya tangi kwenye chupa ya kioo isiyo na rangi, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari. Maji huingia kwa mvua, kwa mawimbi, na kwa mtungi uliosuuzwa usikaushwe. Yakionekana, msitumie mafuta hayo. Fungua pia skrubu ndogo iliyo chini ya bakuli la kabureta uyatoe yaliyobaki humo.

Mafuta ya taa hayajitengi hivyo, yanachanganyika kabisa. Mchezo huu ulienea mpaka mwaka 2018 Serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzuia. Anayeuza petroli ya mtungi kwa bei ya chini kuliko ya kituo, mwulize ameipata wapi.

Injini iliyozama ni jambo lingine. Hiyo isijaribiwe kwa kamba mara moja. Ioshwe kwa maji safi, hasa kama ni ya baharini, plagi zitolewe, maji yamwagwe, oili itiwe kwenye matundu ya plagi, na ifike kwa fundi siku hiyo hiyo. Ikikaa mpaka kesho, kutu imeshaanza.

Fanyeni mazoezi nchi kavu

Fungeni injini kwenye pipa lililojaa maji mpaka juu ya lile bapa lililo juu ya panka. Pipa liwe nje, si ndani ya stoo, kwa sababu ya moshi. Injini isiwashwe bila maji hata kidogo, maana pampu ya kupoza itaungua. Ikiwaka, angalieni kama maji yanaruka kutoka kwenye tundu lake. Halafu mmoja aharibu kitu kimoja kwa siri, kwa mfano akaze skrubu ya hewa au atoe klipu, na mwingine atafute. Akina mama wa kikundi kimoja tulichokitembelea walimshinda dereva wao kwa mchezo huu, na kicheko chake kilisikika mbali!

Kwenye boti wekeni kopo lenye spana ya plagi, plagi mpya mbili, kitambaa kikavu na kamba ya akiba. Makasia yawe mawili na nanga ibebwe hata kama ni nzito.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu: Mbali na dereva, ni nani kikundini anayeweza kutoa plagi na kuisoma? Mara ya mwisho mlipomlipa fundi, aliwaonyesha kifaa cha zamani alichokitoa? Na nanga yenu, leo iko wapi?