Wiki moja Paje, kila mwaka?

Swali: Familia ya Mlandege imeshawishiwa kununua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka kwenye fleti ya mapumziko Paje. Inunue?

Jibu: Isikimbilie. Sheria ya Kondominiamu ya Zanzibar ya 2010 inahusu umiliki wa fleti. Mnunuzi wa wiki huenda akabaki na mkataba tu. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2009, humpa mteja wa mikataba ya aina hii siku 14 za kughairi. Huyu muuzaji anatoa ngapi?

Mtego ni ada ya matunzo. Hulipwa kila mwaka, hata watoto wakiwa na mitihani na fleti ikalala tupu, na aghalabu hupanda.

Tena Paje si mbali na mjini. Masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi hushusha bei. Familia ikodi siku tatu, ilipe, irudi zake mjini. Muuzaji akitaka saini leo leo, aombwe kwanza nakala ya mkataba ipelekwe kwa wakili.