Tarehe 5 Juni: Kazi Tatu za Familia ya Mfugaji



Tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972. Wengi huiadhimisha kwa kupanda miti. Lakini hapa Songea mwezi huo mvua huwa zimekwisha, na mche usiomwagiliwa hukauka. Upandaji usubiri Desemba. Juni, wewe na watoto fanyeni kazi hizi tatu. Faida yake mtaiona zizini.

1. Okoteni plastiki kabla mifugo haijatoka

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Hata hivyo, vifungashio vya chumvi, vipande vya viroba na kamba za nailoni bado vimezagaa njiani na mnadani. Malisho yakikauka, ng'ombe huvila. Plastiki haisagiki tumboni, hujikusanya. Mnyama hukosa hamu ya kula, hukonda, pengine hujaa gesi, na mwisho hufa. Hakuna dawa ya kunywesha inayoiyeyusha.

Gawa watoto makundi mawili, kila kundi na gunia lake. Watumie fimbo yenye ncha. Wakiona sindano, wembe au chupa ya dawa ya kuogeshea, wasiguse; wamwite mtu mzima. Takataka zote zitupwe kwenye shimo lenye uzio. Kundi litakalojaza gunia kwanza, lianze kupewa mtindi.

2. Fyekeni njia ya kuzuia moto

Kuanzia Juni nyasi hukauka na moto huenea upesi. Usiku mmoja unaweza kumaliza malisho ya kufikia Novemba. Milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, nayo huvuliwa nyasi zinazotunza maji ya chemchemi.

Wakubwa wafyeke ukanda wa hatua tano hivi kuzunguka boma, zizi na majani mliyoyahifadhi. Watoto wakusanye nyasi zilizofyekwa na kuwapelekea ndama. Msiteketeze nyasi hizo kwa moto.

3. Kusanyeni mbegu za lusina

Chumeni maganda yaliyogeuka kahawia kabla hayajapasuka. Yaanikeni, yapukuchueni, na kila mtoto afunge mbegu zake kwenye kitambaa.

Septemba, mtu mzima azimiminie mbegu maji ya moto yaliyoepuliwa, yakae dakika chache, kisha azimwage na kuziloweka kwenye maji baridi usiku mmoja. Kesho yake watoto wazipande kwenye viriba na kumwagilia. Desemba, mche ukifikia urefu wa futi moja, upandeni karibu na boma na kuuzungushia miiba ili mbuzi wasiufikie. Aliyekusanya mbegu ndiye autunze mche wake.

Majani ya lusina yana protini nyingi, lakini yasizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe au mbuzi kwa siku. Punda asipewe, humnyonyoa manyoya.

Kumbuka

Ng'ombe akikonda huku malisho yapo, usikimbilie kumpa dawa ya minyoo tu. Mwite afisa mifugo wa kata amchunguze, na umweleze mnyama huyo alikuwa akichungwa wapi.